Mwaka Tulipomlalamikia Mchungaji

Mahubiri yaliisha kabla sijaweka vizuri mkoba wangu chini ya benchi. Nasema kweli. Mzee Bisimwa alisoma habari ya wanawake waliokwenda kaburini alfajiri, akaeleza kwa maneno machache, mazuri, yaliyopangika, akasema amina, akaketi. Watu wa Luvungi wakaitika amina, wakaanza kufungua vitabu vya nyimbo kama kawaida yao. Sisi tuliotoka Bukavu, tuliojaza mabenchi ya mbele upande wa akina mama, tulitazamana. Jirani yangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama mzee anaumwa. Mama mmoja kijana wa pale, mwenye mtoto mgongoni, alitusikia, akageuka kutueleza kwa fahari: "Njo vile anahubirika siku zote. Papa yetu hachokeshake batu." Nikatazama mbele, nikamwona karibu yangu Maman Nabintu wetu wa Bukavu, ambaye kwa ajili ya magoti yake alikuwa amepewa kiti cha plastiki peke yake, ameinamisha kichwa. Tulikuwa tumekuja kumshangilia mchungaji wetu wa zamani, ambaye kanisa lilikuwa likimfanyia sikukuu ya heshima kwa uzee wake na kazi yake. Tuliteremka na gari la kukodi kupitia Kamanyola, tukiimba mpaka vumbi likatukaba koo. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba sikukuu ile itatudai kwanza jambo tulilolifanya wenyewe, zamani, nchi ikiwa bado Zaïre.

Mwaka ule nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari, katika lise moja ya Ibanda, mtaa wa Bukavu, umebaki mwaka mmoja tu nimalize, na nililala nyumbani kwa mchungaji. Jinsi nilivyofika pale ni habari ndefu isiyo na utamu, niiache. Chumba changu kilikuwa kati ya jiko na stoo ya kanisa, na stoo ilikuwa imejaa, kwa hiyo nilikigawana na ngoma za kwaya, meza ya ushirika yenye mguu uliolegea, na mabenchi yaliyomngoja fundi. Nikigeuka vibaya kitandani kiwiko kiligonga ngoma, na kutoka chumba cha pili Maman Pasteur alisema, "Faida, ibada iko kesho." Mke huyo wa mchungaji alikuwa mwembamba, mwenye uso mkavu, asiyecheka hata pale alipokuvunja mbavu wewe. Jiko lake lilinukia moshi, mchaichai na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, aliowakaanga mpaka wakalia menoni. Tulikula bugali na sombe ya majani ya mihogo, siku nyingine maharage na ndizi, na sikumbuki mlo uliopita bila mgeni. Wamethodisti tulikuwa wachache. Bukavu ni mji wa Wakatoliki, na majirani walikuwa bado wanatuuliza, kwa adabu kabisa, kama sisi tunabatiza na kama tunamjua Bikira Maria. Basi aliyepita njiani akakuta mlango wa mchungaji wazi aliingia, akanawa, akakaa. Nyumba ile niliipenda kupita kiasi. Hata leo nikisikia harufu ya mchaichai unaochemka, moyo wangu unakwenda pale kwanza, ndipo unarudi hapa nilipo.

Kilichotufanya tusahau uchache wetu kilikuwa Jumapili. Kila kanisa lina matangazo yake, yanayosomwa haraka na katibu huku watu wakitafuta viatu vya watoto. Kwetu matangazo yaliingia ndani ya mahubiri yenyewe. Mchungaji alisimama, akafungua Biblia, akaifunika tena kwa kiganja, akasema: "Habari za watu wa Mungu." Hapo hata watoto walinyamaza. Alitueleza kwamba mbuzi wa Papa Mugisho amezaa mapacha na mama yao anamkataa mmoja. Kwamba mtoto wa Maman Nabintu amefika salama Kisangani na ametuma neno kwa dereva wa lori. Kwamba maharage ya Maman Riziki, yaliyooza kwa mvua msimu uliopita, safari hii yametoa maua, na mwenyewe anaomba watu wapite kuyaona ili asidhaniwe anajisifu. Kutoka kwenye maua hayo alifika kwenye kaburi tupu, na wewe hukuona amepitia wapi. Mbuzi aliyekataliwa alirudi baadaye, amebebwa mabegani. Watu walikuja kusikia neno la Mungu na kujisikia wenyewe ndani yake, na sijui kama walitofautisha. Mimi sikutofautisha.

Habari hizo alizikusanya mwenyewe, kwa miguu, na mwavuli wake mweusi wenye mfupa mmoja uliovunjika. Jumamosi, tukirudi kutoka salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mji, na tope mpaka magotini, alizileta mezani pamoja na bugali. Alitaka kujua ipi ya kusema na ipi ya kuacha. Sharti lake la kwanza: mwenye habari awe amekubali. La pili lilikuwa la ugomvi. Nakumbuka Maman Pasteur alimuuliza, huku akimwongezea sombe, "Na ile ya Mugisho na shemeji yake?"

"Hiyo bado," alisema. "Ugomvi haitangazwe mbele haijaisha. Ikiisha itakuwa habari njema, tutaisema."

"Na isipoisha?"

"Basi tutangoja." Akaosha mkono, akaniuliza mimi kama nimeona maua ya maharage au nimesimuliwa tu. Nikasema nimesimuliwa. Akanituma kesho yake asubuhi, kabla ya ibada, nikayaone kwa macho. Baadaye katika maisha nilifanya kazi ya kusoma habari redioni, miaka mingi, na wakubwa zangu walikuwa na shule kubwa ya uandishi wa habari, lakini shule yangu mimi ilikuwa meza ile.

Na ilikuwa masika. Vitabu vyetu vya shule vilitufundisha kwamba Pasaka huangukia majira ambayo theluji inayeyuka, na Papa Zihindula, mwalimu wa hesabu aliyeongoza kwaya, alituletea wimbo wa Kifaransa wa kuisifu theluji hiyo. Tuliuimba kwa moyo wote, maji yakitiririka chini ya mlango wa kanisa. Mvua ya Machi ikishika mabati ya paa, hukusikia hata mawazo yako. Mchungaji alinyamaza katikati ya maneno, akaketi, kwaya ikaimba, akina mama wakapokezana watoto. Mvua ikipungua alisimama na kuendelea na neno lililofuata, kama mtu aliyeinuka kidogo kufunga dirisha. Ndiyo maana mahubiri yalikuwa marefu. Jirani yetu Mkatoliki alitoka misa, akapita kwenda sokoni akitusikia ndani, akarudi na vitu vyake, bado tuko ndani. Alitupa pole. Hakujua kwamba kama kuna mtu kanisani aliyetazama saa, aliitazama kwa hofu kwamba mzee anakaribia kumaliza.

Sasa lazima nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo upumbavu wetu hauelezeki. Mchungaji wa Kimethodisti si mali ya parokia yake. Kila mwaka, kiangazi kikianza, wachungaji wote hukutana katika Konferensi, na askofu husoma majina: fulani, mahali fulani. Ukisomwa mahali papya, unafunga mizigo. Kabla ya hapo Surintendant, mkubwa wa wilaya ya kanisa, huzunguka parokia akiwauliza waumini wanamwonaje mchungaji wao. Aliyemtangulia Bisimwa alikuwa mtu mwema, na watu wa kwetu walimsifu mbele ya Surintendant mpaka wengine wakatoa machozi. Konferensi ikamchukua. Mtu wa namna hii, tuliambiwa, anahitajiwa kwingine. Kwa hiyo mwaka ule, Pasaka ilipopita na ikajulikana kwamba Surintendant yuko njiani, hofu iliingia Ibanda. Mimi yangu ilikuwa kubwa zaidi. Mchungaji akihamishwa, chumba changu kinakwenda naye, na mwaka wangu wa mwisho sikujua nitausomea wapi.

Shauri lilipikwa jikoni, mchungaji na mkewe wakiwa wamekwenda kumwona mgonjwa. Mimi nilikuwa chumbani kwangu, na mlango wa mbao zile haukuzuia hata pumzi. Msemaji alikuwa Maman Nabintu, mwuza sambaza, kiongozi wa akina mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvusha ziwa. Alimkalisha Papa Zihindula juu ya kigoda na kumpa chai.

"Ile mwaka tulisifu, bakamubeba," alisema. "Mwaka huu tumuseme mubaya."

"Njo watamutoa haraka zaidi, maman."

"Nani atamupokea? Weye utauzisha samaki yenye unasema inanuka?"

Mwalimu mzima wa hesabu aliikubali hesabu hiyo ya sokoni. Alikunywa chai yake, akauliza, basi, tutasema ubaya gani? Hapo ndipo kazi ilipoanza. Walikaa muda mrefu wakimtafutia mchungaji kosa, na kila waliloliokota lilikuwa na tundu. Mlevi? Hanywi. Mkali? Hata mbwa wa jirani hamfukuzi. Maman Nabintu alikataa uongo mkubwa, maana Mungu anasikia, alitaka vitu vidogo vidogo vya kuchafua bei. Mwishowe walitoka na vijineno vinne, wakagawana, na kukubaliana kuwanong'oneza wengine. Mimi niliketi juu ya ngoma, mikono magotini, nikiomba Mungu awafanikishe. Niliona akili ya Maman Nabintu kuwa kubwa kuliko ya walimu wangu wote.

Surintendant alikuja na abakosti, ile suti isiyo na tai ya enzi za Zaïre, ya kijivu, iliyombana shingo, akaketi mbele pamoja na mchungaji, kwa sababu, alisema, hapendi watu wasemane kwa mgongo. Hilo hatukuwa tumelipigia hesabu. Nilikuwa nimeshika sinia ya chai, nikaona nyuso za watu wetu zikibadilika. Lakini walikuwa wamekwisha kujiandaa, na hofu ya kumpoteza ikawasukuma. Papa Zihindula alisimama akasema mchungaji anaimba na kwaya bila kuombwa na sauti yake inawapotosha watenori. Hilo, kwa haki, lilikuwa kweli. Maman Riziki alisema anatembelea wagonjwa mapema mno, mtu hajanawa hata uso. Papa Mugisho alisema hamalizi chakula cha watu, wake zao wanabaki na aibu. Mchungaji alisikiliza akitabasamu, akawa anatikisa kichwa kama mtu anayetaniwa na shemeji zake. Kisha akasimama Maman Nabintu.

"Mahubiri yake iko murefu," alisema. "Batu banachoka. Na mimi sambaza zangu zinaozaka nikimungojea amalize."

Tabasamu la mchungaji lilifutika. Sikuwahi kuuona uso wake vile, kabla wala baadaye. Alitoa kitambaa, akakikunja, akakirudisha mfukoni. Surintendant akauliza ni wangapi wanaoona hivyo, na hapo, jamani, mikono iliinuka kanisa zima, mbele, nyuma, hadi kwaya, kila mtu akinyoosha kwa nguvu zake zote ili Papa Pasteur abaki. Mimi sikuinua, lakini si kwa wema. Nilikuwa na sinia.

Konferensi ilipofika, askofu alisoma: Bisimwa, Luvungi. Surintendant alitueleza kwa upole kwamba parokia ikichoka na mchungaji wake, kanisa linazipumzisha pande zote mbili. Mikono tulikuwa tumeiinua wenyewe. Jumapili iliyofuata mchungaji alisimama, akasoma, akaeleza, akasema amina. Hakusema habari za mtu. Hata mvua haikuwepo ya kutusaidia, kiangazi kilikuwa kimeingia. Tulitoka nje jua likiwa bado upande wa asubuhi, tukasimama uani bila kujua tujipeleke wapi, na jirani Mkatoliki alipopita alituuliza nani amekufa.

Siku chache baadaye Maman Nabintu alikuja na beseni zima la sambaza kichwani. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikimenya maharage, na mchungaji alikuwa akifunga vitabu kwa kamba. "Papa Pasteur," alisema, "ile neno nilisema siku ile..."

"Maman, ulisema kweli," alimjibu. "Wengine wangelisema nyuma ya mgongo. Asante."

"Apana, sikiliza kwanza..."

"Nimesikia, na nimeshukuru. Usijisumbue."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakuweza kuvumilia mtu ajishushe mbele yake, alimkatiza kwa huruma kabla hajafika chini. Maman Nabintu alirudi na beseni tupu, na maneno yake yote bado kinywani. Mimi nilimweleza Maman Pasteur kila kitu, tangu kigoda mpaka samaki wanaonuka. Alinisikiliza huku akipanga sahani katika sanduku. "Najua," alisema. "Nimemwambia usiku kucha. Anasema mimi ni mke wake, namfariji tu."

Nilitegemea kwamba siku ya kuondoka itakuwa ya kilio, nikajidanganya. Hatuko watu wa namna hiyo. Lori lilipakiwa meza, kuku, mitungi, na juu yake wakapanda watu wote waliopata mahali pa kushika, hata waliokuja kuaga tu, na kwaya ikaimba ule wimbo wa theluji kwa sababu ndio walioujua vizuri. Mchungaji aliimba pamoja nao, na Papa Zihindula, machozi yakimtoka, alimwacha awapotoshe watenori. Nilikimbia nyuma ya lori mpaka kona. Niliporudi nilimkuta Maman Nabintu amesimama mlangoni, amekwisha kuweka godoro langu kichwani kwake. "Utalala kwangu," alisema. "Mi njo nilikuondosha kwa ile nyumba." Nililala kwake mwaka mzima, kati ya masanduku ya samaki, nikimsomea Biblia jioni, nikila vizuri kuliko wakati wowote, na pale ndipo nilipomalizia shule. Hakuwahi kutaja tena lile jambo ila mara moja, siku niliyomshauri amtume mtu aende Luvungi kueleza. Alikataa. Alisema kinywa chake kilichosema ndicho kitakachorudisha. Kisha ikaja miaka na mambo yake, barabara ikawa ya hofu, kila mtu akashika lake.

Basi sasa, Luvungi, nyimbo zilikuwa zinakaribia kuanza, na Maman Nabintu alikuwa anainuka. Aliinuka kwa awamu, mkono mmoja kwenye bega langu, mwingine kwenye kiti. Hakuomba ruhusa. Sauti imepungua lakini bado inafika. "Papa Pasteur," alisema, "leo utaniacha nimalize."

Mzee alifungua mdomo. Maman Pasteur, aliyeketi karibu naye, mweupe wa nywele na mkavu vilevile wa uso, alimwekea mkono juu ya goti, naye mzee akaufunga.

"Ile mahubiri haikuwa murefu," alisema Maman Nabintu. "Ilikuwa uongo yangu. Tulikupenda sana, tukaogopa watakubeba, njo tukakusema mubaya ili basikutake. Bote walioinua mukono waliinua ili ubaki. Sambaza zangu hazikuoza hata moja. Nilikuwaka nauzisha zote Jumamosi, siku ya posho, kila mutu anajua." Akapumua. "Nimerudisha. Sasa nitakaa." Akaketi, na kiti kikalia.

Kisha kikasikika kitu ambacho sikukitambua, kikavu, kama mbao inayopasuliwa polepole, na nikachelewa kuelewa kwamba ni Maman Pasteur anacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema, "Nilikuambia. Miaka yote hii, nilikuambia." Mzee Bisimwa alitutazama, benchi kwa benchi, akitafuta nyuso za zamani ndani ya hizi za sasa, akatua kwangu, akasema jina langu kimoyomoyo, nikaliona midomoni. Nilikuwa nalia, na sioni haya kuliandika. Alisimama, akashika meza. Akafungua Biblia aliyokwisha kuifunga, akaifunika tena kwa kiganja.

"Habari za watu wa Mungu," alisema. "Kulikuwa ugomvi mumoja kule Ibanda. Ilichukua muda. Leo imeisha, kwa hiyo ninaruhusiwa kuisema."

Akaisema. Akamweka ndani Papa Zihindula aliyelala sasa kaburini, na mbuzi aliyekataliwa, na mimi na maua ya maharage. Kisha akageukia wenyeji wake, akaanza na mama kijana yule na mtoto wake, ambaye, alisema, ameota jino wiki hii. Mama alishtuka, akacheka, akatazama nyuma kuona kama watu wamesikia. Dirishani wasichana waliopika walikuja na vijiko vyao mkononi kuangalia kulikoni, chakula kilikuwa tayari. Baada ya muda, mzee akiwa bado hajalifikia kaburi, mama yule aliniinamia.

"Maman," aliuliza, "ataisha saa ngapi?"

"Mushushe mutoto mugongoni," nilimwambia, "ukae muzuri."